Gari Linamisi

Mdogo wangu alipoondoka kwenda Muscat aliniachia vitu vitatu: funguo za Subaru yake, daftari dogo lenye mwandiko wa kuku, na onyo. "Dada, hii gari usimwazime mtu. Na ukiona inamisi, nipigie mimi kwanza kabla hujaipeleka kwa fundi yeyote."

Nikacheka. Kumisi ninakokujua mimi ni kule kwa "nimekumisi," wanakoandikiana watu kwenye simu usiku wakikosa usingizi. Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto, kwamba injini inamisi pale silinda moja inapokosa kuwaka kwenye zamu yake. Petroli imefika, hewa imefika, cheche haikutokea. Nyingine tatu zinaendelea bila yake na gari zima linatetemeka. "Utaisikia tu," alisema. "Inakohoa."

Gari lenyewe ni Forester, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti, injini ya lita 2 yenye tabo. Kwa asiyejua tabo, ni feni linalozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na feni hilo likizunguka linasukuma hewa zaidi kuingia ndani ili petroli zaidi iungue. Mdogo wangu hakuridhika na tabo lililotoka kiwandani. Akafunga kubwa zaidi, akabadilisha bomba la ekzosi, akalipeleka Dar es Salaam kwa kijana mwenye laptopu akaiprogramu upya kompyuta ya injini. Kwenye daftari ameandika kwa kalamu nyekundu: "Presha kilo 1.2. USIGUSE."

Ugonjwa huu aliupatia kwenye kibanda cha video, hapa hapa Mtwara, alipoona mkanda wa Safari Rally ya mwaka 1997, ile aliyoshinda Colin McRae na Impreza ya buluu. Mkanda wenyewe ulikuwa umechakaa, picha inakatika kila gari linaporuka. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba akiwa mkubwa atanunua Subaru. Mama akamwambia anunue kwanza kandambili, zile alizokuwa amevaa zilikuwa za kwangu.

Basi gari likakaa kwangu mwaka mzima bila tatizo. Naendesha kistaarabu, naenda bandarini kuandika habari za meli, naenda sokoni, narudi. Siku lilipokohoa ilikuwa mwezi wa 11, msimu wa korosho umepamba moto, nampeleka Mama kliniki Ndanda. Tulishaipita Mikindani. Mbele yetu kulikuwa na lori limesheheni magunia, linapanda mlima kwa mwendo wa jongoo, na nyuma yake nimekaa dakika kumi navuta moshi. Barabara ikafunguka. Nikatoka kulia, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, na kwa sekunde moja hivi gari likaruka kama mdogo wangu anavyopenda. Halafu pa. Pa-pa. Pa-pa-pa-pa. Nguvu zikaisha kama mtu amezima swichi. Nipo ubavuni mwa lori, upande usio wangu, na kule juu likatokeza basi.

Sikumbuki nilivyokanyaga breki. Nakumbuka honi ya basi ilivyopita sikioni kwangu, na nakumbuka kwamba niliporudi nyuma ya lori, injini ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa, laini, kana kwamba haikufanya kitu. Mama hakupiga kelele. Alifunga upya kilemba chake, na baada ya muda mrefu akasema, "Gari la mdogo wako limechoka kama mimi."

Tulifika Ndanda kwa mwendo wa baiskeli. Jioni yake nilimpigia mdogo wangu kama alivyoagiza. Nilimweleza mlima, lori, mlio. Basi nilimtaja juu juu. Mama sikumtaja kabisa.

"Koili," alisema kabla sijamaliza. "Koili zimechoka. Usihangaike na za huko, nakuletea nyekundu."

Tatizo la kwanza la kutafuta koili Mtwara ni kwamba huu ni mji wa dizeli. Malori ya korosho, malori ya makaa ya mawe yanayoteremka kutoka kule Songea kuja bandarini, boti za wavuvi, majenereta, vyote ni dizeli, na injini ya dizeli haina cheche. Inaibana hewa mpaka hewa inakuwa moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Fundi anaweza kufanya kazi kwenye barabara ya bandari miaka 20, akalea watoto na kujenga nyumba, bila kuhitaji kujua koili imelala upande gani. Kwa hiyo nilipouliza nani anajua injini ya petroli yenye tabo, kila niliyemuuliza alinitajia mtu mmoja, mzee ambaye gereji yake ni mwembe mmoja na mabati manne.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo Subaru naijua. Kijana wake yuko wapi?"

"Uarabuni."

"Aaa." Akafungua boneti akaitazama injini kwa muda, akatikisa kichwa. Kwenye Subaru silinda zimelala, mbili kulia, mbili kushoto, kama watu wanne waliolala miguu kwa miguu kitandani. Plagi na koili ziko ubavuni, zimebanana na chasisi, na kuzifikia lazima uhamishe betri, utoe boksi la hewa, uukunje mkono kama mkunga. "Aliyebuni hii," mzee alisema, "hakuwaza kwamba siku moja itaharibika."

Alijifunza ufundi kwenye Land Rover za zamani, ambazo koili ilikuwa moja tu, kopo jeusi lililofungwa ukutani mwa boneti, linagawa umeme kwa silinda zote nne kwa zamu. Kwenye gari kama langu kila silinda ina koili yake, imekaa moja kwa moja juu ya plagi. Nilimuuliza kwa nini walibadilisha. Akanijibu kwa ndoo.

Koili, alisema, ni ndoo, na umeme wa betri ni bomba. Ndani yake kuna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma: mmoja mnene kiasi, wa mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele, wa mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri, volti 12 na ushee tu, unapita kwenye ule mnene na kujenga sumaku. Hapo ndoo inajaa. Kompyuta inaukata ghafla, sumaku inaporomoka, na kule kuporomoka ndiko kunakozaa volti elfu 20, elfu 30, kwenye ule mwembamba. Ndoo imemwagwa, cheche imeruka. Lakini ndoo inahitaji muda wa kujaa, milisekunde chache. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inataka cheche 50 kwa sekunde. Ndoo moja ikihudumia nyumba nne, kasi ikipanda inaanza kumwagwa nusu. Ndoo nne kwa nyumba nne, kila moja inapata nafasi ya kujaa.

Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza mambo kwa mifano, na wengi wa waandishi wake wangefaidika kukaa chini ya mwembe ule.

Sasa, kwa nini gari linakohoa mlimani tu, na likisimama linaunguruma kama paka? Hapo ndipo tabo linapoingia. Cheche inaruka pengo dogo kwenye ncha ya plagi, na kitu kinachoizuia ni hewa iliyo kwenye pengo hilo. Hewa ikibanwa zaidi, inakuwa kizuizi kikubwa zaidi; pengo likiwa pana zaidi, hivyo hivyo. Mjerumani Friedrich Paschen aliliandika jambo hili mwaka 1889, na mzee wangu alilijua bila kumjua Paschen. Ukikanyaga mafuta, tabo linashindilia hewa, na koili ambayo asubuhi iliruka pengo bila jasho sasa inatakiwa kuruka lile lile pengo likiwa limejaa hewa nzito. Ikishindwa, umeme unatafuta njia nyingine.

Ndiyo maana alikataa kunifanyia kile kipimo ambacho kila mtu wa barabarani alikuwa amenishauri: toa plagi, iguse kwenye chuma, washa, tazama cheche. "Hiyo ni cheche ya maonyesho," alisema. "Nje hakuna presha. Koili mbovu ikiwa nje itakupa cheche nzuri, bluu kabisa, utaondoka umefurahi." Na mita ya umeme nayo haikusaidia, maana koili hizi zina saketi yake ndani, huwezi kupima waya mkavu ukapata jibu. Gari lilitakiwa kupimwa likiwa linateseka.

Tukaenda mlimani, mimi na yeye. Alichukua koili ya silinda ya 3 akaihamishia ya 1, na ya 1 akaipeleka ya 3, tukapanda nimekanyaga mpaka chini, likakohoa, tukasimama pembeni, tukasubiri injini ipoe mpaka mkono uvumilie, akatoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Ya silinda ya 1 ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Halafu akaninyooshea ile plagi iliyokuwa ya 3 siku zote. Kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama mtu amechora kwa penseli kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo umeme ulipokuwa ukipita: badala ya kuruka pengo, ulikuwa unateleza ubavuni mwa plagi na kuishia kwenye chuma. Mpira wa koili kwa ndani ulikuwa na mstari wa kufanana nao, na ufa. Joto la tabo limeukausha.

Hakuishia hapo. Kwenye soketi za waya pini zilikuwa na kutu ya kijani, ile inayoota kwenye shaba ya mji wowote ulio kando ya chumvi. Nyumba yetu iko Shangani, upepo wa bahari unaingia hadi kwenye sukari. Pini ikiwa na kutu, bomba linapungua, ndoo haijai. Mwisho akachomoa fila geji mfukoni akapima pengo la plagi. Milimita 1.1.

"Nani aliziweka hivi?"

Nilimwonyesha daftari. Mdogo wangu alikuwa ameandika, kwa kiburi kabisa, kwamba pengo pana linatoa cheche ndefu na kuunguza vizuri zaidi. "Kwa gari la kawaida ni kweli," mzee alisema. "Kwa kilo 1.2, anaiomba koili muujiza."

Kuhusu kununua, naomba niende haraka maana bado linaniuma. Koili mpya halisi, kwa kuagiza Dar, shilingi 260,000 moja. Nne ni milioni moja na elfu arobaini. Zilizovuliwa kwenye injini zilizotumika Japani, 80,000 moja, na huwezi kujua zimekula miaka mingapi ya joto. Na duka moja lilinipa kwa 40,000, kwenye boksi zuri lenye jina la kampuni kubwa na stika inayong'aa. Nilinunua moja. Mzee aliipima kwa kiganja tu, ya zamani mkono huu, mpya mkono huu. Mpya ilikuwa nyepesi. "Shaba ni nzito, mwanangu. Hapa wamekuuzia plastiki." Duka halikurudisha hela, na mimi ninayejiita mwandishi wa habari nilikuwa hata sikudai risiti.

Nilikuwa na laki sita. Humo ndani kuna dawa za Mama za miezi miwili.

Mdogo wangu akaja juu. Yeye anafanya kazi kwenye duka la vipuri huko Muscat na alikwisha nunua koili nyekundu, zile za Audi R8, ambazo wapenda magari yaliyoongezwa nguvu wanazifunga kwenye kila kitu. Alinitumia picha yake akiwa amezishika nne kama samaki. Zina ndoo kubwa zaidi, na zinavumilia kujazwa zaidi. Ni bure, alisema, kuna mtu anakuja mwezi ujao, atazibeba. Nilimpelekea mzee ile picha. Akaitazama, akahesabu pini. Za kwetu zina pini 3, hizi zina 4, kwa hiyo waya lazima ukatwe na usukwe upya. Shina lake lina urefu tofauti, kwa hiyo lazima vichongwe vishikizi. Na kubwa kuliko yote, kompyuta ya gari inajua muda wa kujaza ndoo za Subaru, siyo za Audi. Ukiijaza muda mfupi, umenunua ndoo kubwa ya kubebea maji nusu. Ukiijaza muda mrefu, inaungua. Mwenye laptopu wa kurekebisha hilo yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, na gari la kuendea huko ndilo hilo linalokohoa likipita malori.

"Sasa huyo mzee anataka nini?" mdogo wangu aliuliza. Ilikuwa usiku, mtandao unakatika, sauti yake inafika vipande vipande.

"Anataka koili moja mpya halisi, mipira minne mipya, asafishe pini, pengo liwe 0.7."

"Moja? Dada, mtu hanunui koili moja!"

"Mimi nanunua moja."

Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema: "Unajua kwa nini nimeiacha hapo? Ningeuza ningepata hela ya kuanzia huku. Nililala watu sita chumba kimoja. Sikuuza." Nilisubiri aendelee. "Nikirudi nataka niikute yenyewe. Siyo gari ya kwenda sokoni."

Nilikuwa jikoni, gizani. Nilitaka kumwambia kuhusu basi na kilemba cha Mama. Nikasema mtandao mbaya, tutaongea kesho.

Koili ilifika kwa basi la usiku, imefungwa kwenye gazeti. Mzee aliishika, akaridhika na uzito wake. Kuziba pengo la plagi ilikuwa kazi niliyoitazama kwa pumzi niliyoishikilia, maana ncha ya iridiamu ni nyembamba kama sindano na ukiigusa kwa chuma inakatika. Yeye aliigongesha plagi kwenye ubao kidogo kidogo, kila mara akipima, mpaka 0.7. Nne zote. Mipira mipya akaipaka grisi ile nyeupe isiyopitisha umeme. Pini akazisugua kwa brashi ya mswaki.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Mwanangu, wewe unahitaji kilo 1.2?"

Tabo la mdogo wangu linatawaliwa na kikoki kidogo cha shaba kilichofungwa kwenye mpira wa presha, unakizungusha kwa vidole. Mzee alieleza kwamba koili tatu zilizobaki ni za zamani, na kila kilo unayopunguza ni mzigo unaozipunguzia. Hakunishauri. Aliinama kuokota spana zake, akachukua muda mrefu kuliko spana zilivyokuwa.

Nilikizungusha mwenyewe. 0.9.

Mlimani tulipanda mara tatu. Gari halikukohoa. Ilikuwa nguvu ya kutosha kabisa, na kama sikuwahi kuijua ile nyingine ningesema ni nyingi. Kwenye mpando wa tatu niliweka simu kwenye dashibodi, nikarekodi, na jioni nikamtumia mdogo wangu sekunde 40 za mlio. Niliandika tu: "Imepona."

Alisikiliza. Niliona vile vialama viwili vimekuwa vya buluu. Ikapita robo saa. Halafu akapiga.

"Umepunguza presha."

Sikujua mtu anaweza kusikia kilo 0.3 kutoka ng'ambo ya bahari, kwenye simu, kelele ya upepo ikiwemo. Nikakubali.

"Siku ile," alisema, "ulikuwa na nani kwenye gari?"

"Mama."

Nilisikia watu wakiongea Kiarabu nyuma yake, na mlango ukifungwa. "Sawa," alisema. Baada ya muda tena, "Iandike kwenye daftari. Tarehe na kilo. Nisije nikasahau."

Niliiandika chini ya ile kalamu nyekundu yake.

Koili za Audi zilifika kweli, mwezi uliofuata, kwenye sanduku la mtu, katikati ya kanga na udi. Ziko kabatini juu ya redio. Mama aliuliza bei yake, nikamwambia, akauliza kama zinarudishwa. Wiki iliyopita tulienda Ndanda tena. Kwenye mlima ule ule tukakuta lori, la makaa safari hii, na barabara mbele nyeupe hadi juu. Nikatoka, nikakanyaga, gari likapita kwa sauti moja isiyokatika.

"Punguza mwendo," Mama alisema.